Kuapa au kuthibitisha: jibu kwa shahidi wa Mbale

Mama mmoja wa Namatala, Mbale, ameniandikia. Ameitwa kutoa ushahidi katika kesi ya mpaka wa shamba aliloacha marehemu kaka yake. Yeye ni mlokole, na kanisani kwao wamefundishwa kwamba Mkristo haapi, si kwa mbingu wala kwa nchi. Wakili wao alimtuliza kwamba hakuna atakayemlazimisha kushika Biblia, akamwonyesha kwenye hati yake ya ushahidi neno la Kiingereza affirmation, limeandikwa kando ya neno la kiapo. Sasa ana maswali matatu. Neno hilo maana yake nini, na limetoka wapi? Je, hakimu hatamwona kama mtu anayejitafutia mwanya wa kudanganya? Na mbona binti yake, anayesoma chuo Kampala, kila asubuhi husimama mbele ya kioo akijiambia "mimi ni mshindi, mimi ni hodari", na hayo pia anayaita affirmation? Tena mwishoni ameuliza kama abebe barua ya mchungaji.

Mama, mimi ni mkalimani wa mahakama, na kazi hii nimeifanya miaka mingi. Nitaanza na hofu yako, kisha ndipo niingie kwenye asili ya neno, maana huko ndiko ninakopenda kukaa.

Hofu hiyo iweke chini. Shahidi aliyeapa na shahidi aliyethibitisha husimama kwenye kizimba kimoja, huhojiwa na mawakili wale wale, na wakisema uongo kosa lao ni moja. Sheria ya adhabu ya Uganda, inapoeleza kosa la kutoa ushahidi wa uongo, haitofautishi shahidi aliyeapa na yule aliyejifunga kusema kweli kwa njia nyingine iliyoruhusiwa na sheria. Hata taratibu zilizotumika kumwapisha au kumthibitisha haizijali, alimradi mwenyewe alizikubali. Kifungo cha kosa hilo kinaweza kufika miaka 7. Anayedhani kwamba kuiacha Biblia mezani kunampa nafasi ya kupindisha maneno amejidanganya mwenyewe kabla ya kumdanganya hakimu. Na hakimu akikaa kupima ushahidi wako ataangalia mengine kabisa: kama ulikuwepo siku ile mimea ya mpakani ilipopandwa, ile ambayo Waganda huiita omulamula, kama uliyosema kwa wakili wenu ndiyo unayomjibu wakili wa upande wa pili, kama unajua shamba lilipoanzia na kuishia au umesimuliwa. Nimewaona mashahidi wakiapa kwa sauti ya kutikisa dirisha na ushahidi wao ukaanguka kabla ya chai ya saa nne.

Sasa neno lenyewe. Kwa Kilatini, firmus ni kitu imara, kisichoyumba. Firmare ni kukiimarisha. Likawekwa mbele yake ad, lenye maana ya kuelekea, na ile d ikamezwa na f iliyoifuata, likapatikana affirmare: kulisimamisha neno, kulisema ukiwa tayari kulisimamia. Wafaransa wa zamani wakalichukua kwa sura ya afermer, na kwao Waingereza wakalipokea yapata mwaka 1300. Mwanzoni halikuhusu dini wala mahakama. Lilikuwa kinyume cha kukana, basi. Hata leo mahakama ya rufaa ikikubaliana na hukumu ya chini, Kiingereza hutumia neno hilo hilo, nasi tunasema hukumu imethibitishwa.

Shina hilo la firmus lina ukoo mkubwa kuliko unavyodhani, na baadhi ya wanaukoo wako mtaani kwenu. Kampuni ya mawakili huitwa "firm" kwa Kiingereza kwa sababu kwa Kiitalia na Kihispania firma ni saini, ile inayoufanya mkataba usimame. Jina la saini likahamia kwa biashara yenyewe. Nenda kwenye parokia yoyote ya Kikatoliki wanakosali kwa Kiswahili uulize kuhusu Kipaimara. Kwa Kilatini sakramenti hiyo ni confirmatio, na ndani yake yumo firmus yule yule, ambaye Kiswahili kimempokea vizuri ajabu: kinachompa mtu uimara. Sidhani kuna lugha nyingi zilizotafsiri neno hilo kwa ufasaha kama huo.

Na neno letu la kuthibitisha limefuata njia ya jirani. Limetoka kwenye Kiarabu, kwenye shina la thabata, kusimama imara, ndiko tulikopata pia thabiti. Kilatini na Kiarabu si ndugu, lakini zote mbili zimeliona neno la kweli kuwa ni neno lisilotikisika. Ndiyo maana ninapotafsiri mahakamani sihangaiki kutafuta neno jingine. "Nathibitisha" linatosha kabisa. Wapo wanaopenda kusema "nakiri", lakini hilo mimi naliogopa, kwa sababu mahakamani anayekiri amekubali kosa, na sitaki karani aandike hivyo kwenye faili lako.

Kiapo ni jambo la aina nyingine. Kuapa ni neno letu la Kibantu, la zamani sana, na kamusi za zamani za Kiswahili huonyesha kwamba kiapo kilikuwa pia jina la lile jaribio la kumtambua mwongo, ambapo mtuhumiwa alipewa kitu cha kula au kushikishwa kitu cha moto, akidhurika basi ni yeye. Mpaka leo tunasema mtu amekula kiapo, na pia amekula yamini. Na yamini kwa Kiarabu ni mkono wa kulia, ule ambao karani atakuambia uuinue. Ndani ya kiapo mna laana inayongoja. Anayeapa anamwita Mungu awe shahidi wake, na akisema uongo, basi awe mlipizaji. Waganda wanaposema okulayira wanamaanisha jambo hilo hilo.

Hapo ndipo tofauti ilipo, Mama. Anayeapa anaegemea nguvu iliyo juu yake. Anayethibitisha anasema: neno langu linasimama kwa miguu yake, na likianguka nitaadhibiwa mimi, na sheria.

Sasa, nani alifikiria kuyatenganisha mambo haya mawili mbele ya hakimu? Utafurahi kusikia kwamba walikuwa watu wanaosoma aya zile zile anazozisoma mchungaji wako. Uingereza, miaka ya 1650, lilikua kundi la Wakristo waliomfuata mhubiri George Fox. Wenyewe walijiita Marafiki. Watu wakawaita Quaker, yaani watetemekaji, kwa kuwadhihaki. Walisoma Mathayo sura ya 5, pale Yesu anaposema msiape kabisa, maneno yenu yawe "Ndiyo, ndiyo; Siyo, siyo", wakasoma na Yakobo sura ya 5 inayorudia agizo hilo, wakalichukua kama lilivyo. Hoja yao haikuwa ukaidi. Walisema kwamba anayeapa ili aaminiwe anakubali kimyakimya kwamba asipoapa ana ruhusa ya kusema uongo. Mkristo, walisema, hana kweli mbili, moja ya sokoni na nyingine ya mahakamani.

Serikali ya wakati ule haikuwa na subira na hoja kama hiyo. Ilikuwa imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, mfalme alikuwa amekatwa kichwa mwaka 1649, na mwanawe aliporudi kwenye kiti mwaka 1660 kila mtu alitakiwa kuapa utii. Sheria ya mwaka 1662 ikawalenga Quaker kwa jina. Hapo kiapo kikageuka mtego. Hakimu hakuwa na haja ya kuthibitisha kosa lolote. Alimpa mtu Biblia, akamwambia apa kwamba unamtii mfalme, na mtu akikataa, tayari ana hatia. Mwaka 1664 Margaret Fell, mama mwenye mali na nyumba kubwa, alifikishwa mahakamani mjini Lancaster kwa kukataa kiapo hicho. Alihukumiwa kunyang'anywa mali na kufungwa maisha, na hakutoka mpaka mwaka 1668. Fox naye alifungwa mji huo huo mwaka huo huo.

Gereza ndilo linalosimuliwa zaidi, lakini mimi naona hasara ya kila siku ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu iliwapata hata wale ambao hakuna askari aliyegonga mlango wao. Asiyeapa hakuweza kudai deni mahakamani. Hakuweza kuthibitisha wosia wa baba yake. Akiibiwa, hakuweza kutoa ushahidi. Mfikirie mfanyabiashara wa Mbale ambaye kila mdaiwa wake anajua kwamba hawezi kumshitaki.

Bunge la Uingereza lililegeza kwa sheria iitwayo ya mwaka 1695. Quaker akaruhusiwa kutoa tamko badala ya kiapo, na kuanzia hapo neno affirmation likapata maana yake ya kisheria. Lakini tamko lenyewe lilimtaja Mungu Mwenyezi kuwa shahidi wa kweli ya maneno yanayosemwa, na Marafiki wakagawanyika. Wengine wakasema afadhali hili. Wengine wakasema hiki ni kiapo kilichovaa kanzu mpya. Walibishana miaka ishirini na kitu, hadi mwaka 1722 maneno yakapunguzwa yakawa hivi kwa Kiswahili changu: natamka na kuthibitisha kwa dhati, kwa unyofu na kwa kweli. Maneno hayo matatu, dhati, unyofu na kweli, bado yanatembea duniani kwenye mahakama zenye asili ya Kiingereza. Ukiyasikia siku ya kesi yako, ujue yana zaidi ya miaka 300 na yalipatikana kwa ugomvi wa kanisani.

Hata hivyo ruhusa ilikuwa nusu. Katika kesi za jinai Quaker hakuruhusiwa kutoa ushahidi kwa tamko lake mpaka mwaka 1828. Kwa maneno mengine, sheria ilimwamini kuhusu fedha karne nzima kabla ya kumwamini kuhusu damu. Waliovuka bahari walipata zaidi: katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 inasema "kiapo au uthibitisho" kila inapohusika, na mwaka 1853 Franklin Pierce alishika urais wa nchi hiyo kwa kuthibitisha.

Kisa cha asiyeamini ni cha aina yake. Mwaka 1880 wapiga kura wa Northampton, Uingereza, walimchagua Charles Bradlaugh kuwa mbunge. Alikuwa mtu asiyeamini kwamba Mungu yupo, na alilisema hadharani. Akaomba athibitishe badala ya kuapa. Bunge likasema hapana, ruhusa hiyo ni ya watu wa dini fulani. Basi nitaapa, akasema. Bunge likasema hapana tena, kiapo chako hakina maana kwa kuwa humwamini unayemtaja. Alifungiwa kwa muda mfupi kwenye mnara wa saa wa bunge, akavuliwa kiti, akachaguliwa tena, akavuliwa tena, na mchezo huo ukaendelea mpaka mwaka 1886 alipokubaliwa kukaa. Mwaka 1888 ikapitishwa sheria ya viapo aliyoipigania mwenyewe: yeyote ambaye dini yake inamkataza kuapa, au asiye na dini, aruhusiwe kuthibitisha, mahali popote kiapo kinapotakiwa. Sheria hiyo iliongeza jambo ambalo watu hulisahau: mtu akiapa, halafu ijulikane kwamba hakuwa na imani yoyote, kiapo chake kinabaki kumfunga. Kwa hiyo hata kile kitendo cha kuapa huku ukikunja kidole mgongoni hakikusaidii.

Na Kurani iliingiaje mahakamani? Si kwa mlango huu wa uthibitisho, bali kwa mwingine. Mwaka 1744, katika kesi ya Omichund dhidi ya Barker, mahakama ya London iliulizwa kama ipokee ushahidi wa Wahindu wa Calcutta walioapa kwa desturi yao, kwa kugusa mguu wa kuhani wao. Jaji mkuu wa mahakama hiyo, Lord Hardwicke, aliupokea: kinachotakiwa ni mtu afungwe na kile ambacho dhamiri yake inakiogopa. Ndiyo maana kwenye meza ya karani wetu kuna vitabu viwili.

Yote hayo yalifika Uganda kwa siku moja, kwa mujibu wa karatasi. Amri ya kifalme ya mwaka 1902 iliyounda Mahakama Kuu yetu ilisema kwamba sheria za jumla za Uingereza zilizokuwa zikitumika tarehe 11 Agosti 1902 zitatumika hapa. Mwaka huo huo wamisionari watatu wa Marafiki kutoka Marekani walifungua kituo Kaimosi, ambako leo ni Kenya, katika eneo lililokuwa sehemu ya Uganda hadi Aprili ya mwaka ule ule. Kutoka huko imani yao ilisambaa magharibi ya Kenya ikavuka mpaka. Leo wana makanisa hadi upande wenu wa Mbale. Waulize, Mama. Watakuambia habari za kutoapa vizuri kuliko mimi, na labda watashangaa kwamba walokole nao wamefika hapo.

Uganda huru ikatunga sheria yake ya viapo, na katiba ya mwaka 1995 ikaiweka njia hii hadi kwenye ofisi ya juu kabisa. Tazama nyongeza ya nne ya katiba, penye maneno ya viapo: Rais anaapa kwa jina la Mungu Mwenyezi, au anathibitisha kwa dhati, achague mwenyewe. Makamu, mawaziri na wabunge vilevile. Wengi huchagua Biblia au Kurani, nasi tumezoea kuwaona hivyo kwenye televisheni tukadhani hakuna njia nyingine. Ipo. Na ibara ya 7 inayosema nchi haitakuwa na dini ya serikali, pamoja na ibara ya 29 inayolinda dhamiri ya mtu, zinaipa nguvu.

Ukivuka kwenda Tanzania utakuta desturi nyingine: kule Mkristo huapa, na Mwislamu ndiye anayethibitisha, hata kumbukumbu za kesi huandikwa hivyo. Huku kwetu Mwislamu hupewa Kurani. Wapo wanaosita kuishika bila udhu, na ningependa wajue kwamba kuthibitisha kuko wazi kwao pia.

Sasa naomba unisikilize hapa, kwa sababu ndipo watu wanapochanganya, wakiwemo waliosoma. Kuthibitisha si sawa na kusema bila kiapo. Mshitakiwa katika kesi ya jinai Uganda ana njia tatu: kunyamaza, kutoa ushahidi wa kiapo, au kutoa maelezo bila kiapo akiwa kizimbani. Akichagua hiyo ya tatu hahojiwi na upande wa mashitaka, na kwa sababu hiyo maneno yake hupewa uzito mdogo. Mtoto mdogo naye, ikiwa Mahakama Kuu imeona hajui maana ya kiapo lakini anajua wajibu wa kusema kweli, anaweza kusikilizwa bila kiapo, ila ushahidi wake peke yake hauwezi kumtia mtu hatiani. Lazima uungwe mkono na ushahidi mwingine. Wewe hauko kwenye fungu lolote kati ya hayo. Uthibitisho wako ni kiapo kwa kila hali isipokuwa jina la Mungu, na utahojiwa kama mtu mwingine yeyote. Jirani akikuambia ushahidi wako utakuwa nusu ushahidi, amesikia habari za mshitakiwa au za mtoto akazibandika kwako.

Kuna ile karatasi uliyotia saini, hati yako ya ushahidi. Watu huiita afidaviti, na wengi hudhani neno hilo ni ndugu wa affirmation kwa sababu yanaanza kwa kufanana. Si ndugu. Afidaviti imetokana na fides, imani au amana. Kwa Kilatini ni "ameweka amana". Lakini afidaviti nayo inaweza kuapiwa au kuthibitishwa mbele ya kamishna wa viapo. Ichukue uisome, au usomewe. Juu, unapojitambulisha, pawe na "nathibitisha kwa dhati" na si "naapa". Chini kabisa, mahali pa tarehe na mahali ilipofanyika, pawe na neno hilo hilo. Fomu nyingi zimechapwa maneno yote mawili, na mwandishi mvivu huyaacha yote. Mwambie wakili akate moja kwa kalamu kabla hati haijawasilishwa, maana wakili wa upande wa pili anaweza kupoteza asubuhi nzima juu ya neno hilo. Na kama uliandikiwa kwa Kiingereza usichokisoma, panatakiwa pawe na maelezo kwamba ulisomewa na kufafanuliwa kwa lugha unayoielewa, yakiwa na jina la aliyekusomea. Hilo usiliache. Nimeona hati nzuri zikitupwa nje kwa kukosa mistari hiyo mitatu.

Nije kwa binti. Neno ni lile lile, lakini lilipita kwa watu wengine. Mwishoni mwa karne ya 19 palitokea Marekani waalimu wa kiroho waliofundisha kwamba ugonjwa na umaskini huanzia kwenye fikra, kwa hiyo mtu asikane ugonjwa tu bali athibitishe afya. Ufaransa, mfamasia mmoja aitwaye Émile Coué aliwafundisha wagonjwa wake kurudia asubuhi na jioni sentensi moja: kila siku, kwa kila hali, nazidi kuwa bora. Miaka ya 1920 alikuwa mtu maarufu Ulaya na Marekani. Kutoka huko hadi kwenye simu ya binti yako ni mwendo wa vitabu vya kujiendeleza, mahubiri na video fupi.

Yanasaidia? Wanasaikolojia wamepima. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Canada na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walirudia sentensi ya kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliojiamini tangu mwanzo walijisikia vizuri kidogo. Wasiojiamini, ambao ndio hasa waliohitaji dawa, walijisikia vibaya zaidi, kwa sababu kila waliposema hivyo moyo uliwajibu kwa kinyume chake. Kuna njia nyingine yenye jina linalokaribiana na hilo, iliyoanzia kwa Claude Steele mwaka 1988, na hiyo haina kujisifu: mtu anaandika ni jambo gani analithamini, labda familia, labda imani, labda kazi yake, na kwa nini. Hilo limeonyesha matokeo ya maana zaidi, hasa kwa wanafunzi wanaohofu kudharauliwa. Kama binti yako anataka ushauri wa mtu wa mahakama, aandike nusu ukurasa juu ya kwa nini alikwenda chuo, aache kubishana na kioo.

Huko chuoni atakutana na neno hilo kwa sura ya tatu pia. Zile pointi 1.5 ambazo Makerere ilianza kuwaongezea wasichana mwaka 1990 huitwa kwa Kiingereza "affirmative action". Maneno hayo yalipata umaarufu kutokana na amri ya Rais Kennedy ya mwaka 1961, na maana yake ni kwamba haitoshi kuacha kumbagua mtu. Lazima pafanyike jambo la kumwinua. Tena hapo kuna ile "ndiyo" ya zamani dhidi ya kukana.

Lakini usiyaunganishe sana ya binti na yako. Ya kioo yanahusu kesho, na hakuna atakayeyahoji. Yako yanahusu jana: nani alipanda, nani aling'oa, mwaka gani, mlikuwa wangapi.

Siku ya kesi itakuwa hivi. Utaitwa jina, utaingia kizimbani, na karani atakuuliza dini. Usijibu "mlokole" ukanyamaza, kwa sababu mkono wake tayari unaelekea kwenye Biblia. Sema palepale, "Mimi ni Mkristo ila siapi, naomba kuthibitisha." Hakimu akiuliza sababu, sentensi moja yatosha: imani yangu hainiruhusu kuapa. Usianze kuhubiri Mathayo, wamekwisha kuisoma. Lugha ya mahakama ni Kiingereza, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005, kwa hiyo omba mkalimani mapema ikiwa unamtaka wa Kiswahili na si wa Lugisu au Luganda. Naye ataapa au atathibitisha kwamba atatafsiri kwa uaminifu, hivyo hutakuwa peke yako. Kisha utarudia baada ya karani, kipande kwa kipande, maneno yanayokaribiana na haya: nathibitisha kwa dhati, kwa unyofu na kwa kweli, kwamba ushahidi nitakaoutoa utakuwa kweli, kweli yote, na si kingine ila kweli. Pale mwisho, ambapo wenzako husema "Ewe Mungu nisaidie", wewe utaishia hapo. Karani mwenye haraka anaweza kukuongezea kwa mazoea. Usirudie, mwangalie hakimu, naye ataelewa. Kabla hujaanza kujibu maswali, wakili wenu ahakikishe faili limeandikwa kwamba umethibitisha.

Uliuliza pia kama ubebe barua ya mchungaji. Haihitajiki. Beba ile hati ya mwito na kitambulisho chako, na ufike kabla ya saa tatu.